Maji Hayapandi Kilima: Somo Juu ya Bomba la Jikoni



Mhariri ameniomba niandike somo moja juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi. Nakaa katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, nchi ya Marekani, na kazi yangu ni kutengeneza nyumba za zamani: milango, madirisha, na zaidi ya yote mabomba ya maji. Najua wako watakaocheka na kusema, "Tazama, yule aliyekuwa akitushinda katika mtihani wa sayansi amekwenda ng'ambo kuzibua mabomba!" Na wacheke. Lakini wasome mpaka mwisho, maana nataka kuwaonyesha kwamba somo nililolipata darasani, tena nikalipatia alama nzuri, sikulielewa hata siku liliponiaibisha jikoni mwa watu.

MASHINE YENYEWE

Katika majiko mengi ya Marekani, si mabaki yote ya chakula yanayotupwa jalalani. Chini ya sinki hufungwa mashine ya umeme, yenye umbo la pipa dogo, inayosaga mabaki hayo na kuyapeleka pamoja na maji katika mtaro wa mji. Watu wengi hudhani ndani yake mna visu. Hamna visu. Mna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi sana, na juu ya sahani vimo vinyundo vidogo. Vinyundo hivyo huyarusha mabaki kwenye ukingo wenye meno uliozunguka pande zote, nayo hukwaruzwa pale mpaka yawe laini kama uji, ndipo maji huyachukua.

Aliyeibuni mashine hii ni John W. Hammes, mchoraji wa ramani za majumba, mkaaji wa Racine, mji ulio kusini ya Milwaukee ufukoni mwa Ziwa Michigan. Alianza kuiunda mwaka 1927, akapata hati ya serikali ya kuilinda kazi yake mwaka 1935, na mwaka 1938 akaanzisha kampuni ya kuitengeneza na kuiuza. Si kila mji ulioipokea kwa furaha. New York, kwa mfano, iliikataza kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya mji, kwa kuhofia mitaro yake ya zamani, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1997.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yangu inapoanza. Nyumba nyingi za mji wetu zilijengwa kabla mashine hii haijazaliwa. Aliyezijenga hakuiwazia hata kidogo. Aliweka sinki lisilo na kina kirefu, akalitobolea bomba ukutani mahali palipofaa sinki lile. Kwa hiyo mtu akinunua mashine mpya na kutaka kuifunga katika nyumba ya zamani, si kazi ya kukaza nati tu. Yapasa kwanza kuliuliza bomba la zamani kama litakubali.

KWA NINI BOMBA LIMEPINDA

Kila mwanafunzi aliyewahi kuinama chini ya sinki au beseni la kunawia ameona bomba lililopinda kama herufi U. Wengine hudhani fundi alikosa nafasi, au alitaka kukamata vijiko na pete zinazoanguka. Sivyo. Sehemu ile iliyopinda, ambayo mafundi huiita trapu, hubaki na maji kila wakati. Maji hayo ni bawabu. Maji machafu kutoka jikoni hupita, lakini hewa ya mtaroni haiwezi kuyapenya na kuingia nyumbani. Na hewa ile si uvundo tu. Imo gesi yenye sumu, na gesi nyingine inayoweza kushika moto. Mtu aliyeandikisha bomba la kupinda la namna hii kwa ajili ya choo ni Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, mwaka 1775. Imepita miaka zaidi ya mia mbili, na hata leo hatujapata bawabu wa rahisi kuliko maji.

Lakini bawabu huyu anaweza kuvutwa na wapitao. Mnakumbuka jinsi ya kuhamisha maji kwa mpira kutoka chombo cha juu hadi chombo cha chini: maji yakishaanza kuteremka huvuta yaliyo nyuma yao. Vivyo hivyo maji mengi yakiteremka bombani kwa nguvu yaweza kuvuta hata maji ya trapu, ikabaki kavu, na mlango ukawa wazi. Zamani mafundi walizoea kupinda bomba mara mbili na kulishusha moja kwa moja sakafuni, likafanana na herufi S, na hilo ndilo lililokuwa likivutwa upesi. Siku hizi sheria za ujenzi za Marekani hazilikubali katika kazi mpya. Bomba hutoka kwenye trapu likaingia ukutani, na huko ukutani liko bomba la wima, ambalo upande wa chini laenda mtaroni na upande wa juu latokeza nje juu ya paa. Ule upande wa juu ni pua ya nyumba. Huingiza hewa, na hewa ikiingia, maji ya trapu hayavutwi.

Basi shikeni kanuni tatu:

1. Maji yapate mteremko kutoka mdomo wa mashine hadi mtaroni. Kipimo cha kawaida kwa bomba la jikoni lililolala ni robo inchi kwa kila futi moja ya urefu.

2. Trapu isikose maji. Kina cha maji ya bawabu kisipungue inchi 2, wala kisizidi inchi 4.

3. Bomba lipate hewa.

Kanuni hizi si za mashine ya kusaga tu. Ni za kila bomba la maji machafu, liwe la ikulu au la jiko la shule.

KOSA LANGU

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja mzee mwenye leseni. Siku moja alinituma peke yangu, mara ya kwanza, kwenda kufunga mashine katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Nyumba ilikuwa na orofa mbili. Bibi alikaa juu, na wapangaji wake, mume na mke na mtoto mchanga, walikaa chini. Watoto wa bibi walikuwa wamemnunulia sinki jipya la chuma kisichoshika kutu, lenye kina kirefu, pamoja na mashine, wakamletea kama zawadi.

Nilifanya kazi kwa furaha. Nikazima umeme, nikatoa sinki la zamani, nikatia jipya, nikatandaza putii chini ya pete ya tundu, nikaitundika mashine na kuizungusha mpaka ikakamata. Kisha nikaja kuunganisha mdomo wa mashine na bomba la ukutani, nikaona mambo hayalingani. Tundu la ukutani lilikuwa juu kidogo ya mdomo wa mashine. Kidogo tu. Nikaenda dukani nikanunua bomba la plastiki lenye mikunjo, lile linalopindika upendavyo kama shingo ya bata, nikalipinda chini, nikalipandisha, nikalilazimisha liingie ukutani, nikakaza nati.

Kisha nikajaribu kazi yangu. Nikaziba tundu, nikajaza sinki maji mpaka juu, nikafungua. Maji yakaenda yote! Nikawasha mashine, ikanguruma vizuri. Nikapapasa viungo kwa karatasi kavu, karatasi haikulowa. Bibi akanipa chai na keki. Nikarudi kwa mkubwa wangu nikamwambia kazi imekwisha. Akaniuliza neno moja tu: "Ulipima?" Nikajibu, "Nimepima." Kweli nilikuwa nimepima upana wa sinki.

Siku ya tisa bibi akapiga simu. Nilipofika nilikutana na uvundo mlangoni. Kabati la chini ya sinki lilikuwa limejaa maji meusi, unga wake na sukari vimeharibika, na maji yalikuwa yamepenya sakafuni hadi dari ya wapangaji. Mama yule wa chini alikuwa amesimama kwenye ngazi, mtoto mgongoni, ananitazama bila kusema.

Bibi alikuwa anatetemeka. Akasema, "Kosa ni langu. Jana nilimenya viazi, nikatia maganda yote mara moja. Wanangu waliniambia nisome kijitabu, nami sikukisoma vizuri. Usiwaambie, tafadhali. Nitalipa mimi, na dari ya watu hawa nitalipa."

Wasomaji wangu, nawaambia kweli. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Maganda ya viazi, yakitiwa mengi kwa wakati mmoja, huziba bomba kweli. Kila fundi angekubali. Bibi amekiri mwenyewe, na hakuna ambaye angeniuliza. Nikachukua tochi na kipimo cha utepe, nikalala chali chini ya sinki katika maji yale, nikafanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya siku ya kwanza.

HESABU YA INCHI MOJA

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Nawaomba mwifuate kwa kalamu.

Meza ya jikoni ilikuwa na kimo cha inchi 36 kutoka sakafuni. Sinki la zamani lilikuwa na kina cha inchi 6. Kwa hiyo tako la sinki la zamani lilikuwa inchi 30 kutoka sakafuni. Tundu la bomba ukutani, nikipima katikati yake, lilikuwa inchi 22. Kati ya 30 na 22 zimo inchi 8 za kushuka. Fundi wa kale alifanya vyema, nafasi ilimtosha.

Sasa sinki jipya. Kina chake inchi 9. Toa 9 katika 36, tako la sinki ni inchi 27 kutoka sakafuni. Mdomo wa mashine ile ulikuwa inchi 6 chini ya tako la sinki. Toa 6 katika 27, mdomo ni inchi 21. Na tundu la ukutani ni inchi 22.

Mdomo uko 21. Tundu liko 22. Niliyaamuru maji yapande inchi moja.

Je, mbona siku ile ya kwanza maji yalikwenda yote? Hapo ndipo somo la darasani liliponirudia usoni. Nalimkumbuka mwalimu wetu wa sayansi akisimama na vioo vyake vilivyoungana chini, kimoja chembamba na kimoja kinene, akimimina maji yenye rangi, na maji yakisimama kimo kimoja katika vyote. "Maji hutafuta usawa wake," alisema, nasi tukaandika. Katika mtihani nikaandika tena, nikapata alama zote. Lakini tazameni maana yake. Sinki likijaa, uso wa maji huwa juu sana kuliko tundu la ukutani, na uzito wake huyasukuma maji yavuke ile inchi moja bila shida. Sinki likimwagika, uso wa maji hushuka, hushuka, mpaka ukiwa sawa na tundu la ukutani. Hapo husimama. Yaliyobaki chini ya usawa huo hayana wa kuyasukuma. Hubaki ndani ya mashine, katika giza, pasipo kuonekana na mtu anayetazama juu ya sinki.

Kwa hiyo jaribio langu la maji safi lilinidanganya, au tuseme nilijidanganya. Sinki lilionekana tupu, lakini mashine haikumwagika kamwe. Kila siku bibi alipoosha vyombo, mabaki yaliyosagwa yalizama katika maji yaliyosimama, yakanasa katika mikunjo ya lile bomba la shingo ya bata, yakaoza. Maganda ya viazi yalikuja siku ya nane, bomba likiwa limekwisha jaa. Njia ilipozibwa, na sinki limejaa maji juu yake, kiungo nilichokilazimisha kikaachia.

Nikatoka chini ya sinki. Nikamwonyesha bibi kipimo: hapa 21, pale 22. Nikamwambia, "Mama, si maganda yako. Ungeosha vikombe peke yake, siku ingefika vile vile. Kosa ni langu." Kisha nikashuka nikamwambia mama wa chini maneno yale yale, na jioni nikamwambia mkubwa wangu. Huyo wa mwisho ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Jumamosi saa moja asubuhi. Bila mshahara." Nikashukuru.

JINSI TULIVYOTENGENEZA

Dawa ya kazi ile ilikuwa moja, nayo ni kulishusha tundu la ukutani. Tulipata kwanza kibali cha mji, maana kubadilisha bomba lililomo ukutani si kazi ya kujificha. Kisha tukafanya hivi.

Kwanza tulizima umeme wa jiko kwenye sanduku kuu, tukahakikisha kwa kipimo kwamba umezimika. Maji na umeme chini ya sinki moja ni majirani wasiopatana.

Pili tulifungua ukuta. Nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda zina rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Tukakumbuka mtoto wa chini. Tukatandaza turubai, tukavaa vifuniko vya pua, tukalowesha ukuta kabla ya kukata, na vumbi lote tukalikusanya likingali bichi.

Tatu tulilitazama bomba la wima. Lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki, upana wa tundu lake inchi moja na nusu. Lakini kutu na mafuta ya miaka mingi vilikuwa vimelifunga ndani hata kidole changu kidogo kilipita kwa shida. Mkubwa wangu akasema hata kama vimo vingekuwa sawa, bomba lile lisingestahimili mabaki yaliyosagwa. Hili ni neno la kushika: bomba la chuma la zamani hufa kutoka ndani, kwa nje laweza kuonekana zima.

Nne tulilishikiza bomba la juu kwa mbao na vyuma, lisije likashuka kwa uzito wake likavunja paa, ndipo tukakata. Tukaondoa kipande kibovu, tukatia cha plastiki. Mahali plastiki inapokutana na chuma tukavika mkono wa mpira unaobanwa kwa pete za chuma. Katikati tukatia tii mpya, tundu lake likiwa inchi 16 kutoka sakafuni. Tii ya maji machafu ina tumbo lililopinda kuelekea chini. Ukiitia kichwa chini miguu juu, mabaki hugonga na kusimama.

Kwa nini 16, wala si 20, ambayo tayari iko chini ya 21? Kwa sababu mdomo wa mashine huishia kwenye kona inayoshuka, na trapu nayo ina kimo chake. Tundu likiwa chini ya mdomo kwa inchi moja tu, vifaa hivyo havienei, na fundi hushawishika tena kununua shingo ya bata. Inchi 5 zilitupa nafasi.

Tano tuliunganisha trapu ya plastiki ngumu, laini ndani, isiyo na mikunjo. Kutoka trapu hadi ukutani palikuwa na futi moja, kwa hiyo tulilipa bomba mteremko wa robo inchi, tukauthibitisha kwa pimamaji. Mteremko usizidi mno, maana maji yakikimbia sana huacha mabaki nyuma na huvuta maji ya trapu.

Sita tulijaribu, na safari hii kwa njia mbili. Tulijaza sinki tukalimwaga, tukapapasa kila kiungo kwa karatasi kavu. Kisha tukazima umeme, tukamulika tochi ndani ya mashine. Haikuwa na maji. Hilo la pili ndilo nililolikosa mara ya kwanza.

Jumapili tulipiga lipu ukuta wa bibi na dari ya wapangaji. Bibi alinifundisha kutengeneza ile keki.

JARIBU MWENYEWE

Huhitaji kwenda Milwaukee ili uone jambo hili. Chukua chupa ya plastiki, ukate tako lake, uigeuze mdomo chini. Hiyo ni sinki na mashine. Vika mdomoni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ufunge imara usivuje. Shusha mpira, uupinde, kisha pandisha mwisho wake mpaka uwe juu kidogo ya shingo ya chupa, kwa kiasi cha inchi moja. Mwenzako aushike hapo. Sasa mimina maji mpaka chupa ijae. Utaona maji yakitoka vizuri sana mwisho wa mpira. Ngoja yasimame, utazame ndani ya chupa. Tia mchanga kidogo au majani ya chai, urudie mara tano au sita, uone yanakokaa. Kisha shusha mwisho wa mpira chini ya shingo ya chupa, uone tofauti.

NA KWETU JE?

Mtaniuliza, je, mashine hii yatufaa nyumbani Uganda? Nasema kwa watu wengi haina kazi. Maganda ya matoke yana mwenyewe: ng'ombe anayangoja, mbuzi anayangoja, na yakibaki, shamba la migomba layapokea. Tena yana nyuzi na utomvu, na nyuzi ndizo adui wa mashine ile, pamoja na mafuta yaliyoganda na mifupa mikubwa. Nyumba yenye tangi lake la maji machafu ardhini hujaza tangi upesi ikitumia mashine hii. Na ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, angalia sana: umeme wa huko ni volti 120, wa kwetu ni volti 240, na mashine ya huko ukiichomeka hapa itaungua.

Hata Milwaukee wenyewe wanajua kwamba mabaki hayapotei kwa kusagwa. Tangu mwaka 1926 mji ule huwalisha vijidudu uchafu wa mitaro yake, kisha huvikausha vijidudu hivyo na kuviuza kuwa mbolea, iitwayo Milorganite. Basi ganda la kiazi la yule bibi lilizunguka mbali sana, kwa umeme na mabomba na mitambo, likafika mahali pale pale ambapo ganda la ndizi la mama yangu hufika kwa kutupwa nyuma ya nyumba.

Lakini bomba lililopinda mnalo. Liko chini ya kila sinki la shule, hospitali na nyumba zenu, na wako watakaolijenga miongoni mwenu. Ombi langu kwenu ni hili: jambo mlilopatia alama darasani, litafuteni tena nje ya darasa, mlishike kwa mkono. Na mkikosea, kama nilivyokosea, chukueni kipimo mbele ya yule aliye tayari kubeba lawama yenu, mkamsomee inchi zenyewe.

MASWALI

1. Trapu hufanya kazi gani, na kwa nini bomba la ukutani hupandishwa mpaka juu ya paa?

2. Meza ina kimo cha inchi 36, sinki lina kina cha inchi 8, na mdomo wa mashine uko inchi 6 chini ya tako la sinki. Tundu la ukutani liko inchi 18 kutoka sakafuni. Je, fundi aendelee na kazi? Onyesha hesabu.

3. Bomba lililolala lina urefu wa futi 4. Mwisho wake uwe chini ya mwanzo wake kwa kiasi gani?

4. Fundi amejaza sinki maji, yakaenda yote. Eleza kwa nini jaribio hilo peke yake halitoshi.

5. Chora jiko la nyumba unayoijua, uonyeshe maji machafu yanapita wapi mpaka mwisho wake. Kama hujui yanakoishia, nenda ukatazame.